Kuchapa Mafaili kwa Amri za Terminali: Mwongozo kwa Wenye Steshenari na Ofisi za Shule

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayechapa kazi za watu wengi kwa kompyuta moja: mwenye steshenari ya Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, kijana anayehudumia wanafunzi wa vyuo kule Kihesa mjini Iringa, au mwalimu wa taaluma ambaye kila mwisho wa muhula hukabidhiwa mitihani ya madarasa yote pamoja na rimu chache za karatasi. Unahusu kompyuta zinazotumia mfumo wa uendeshaji wa Linux, hasa Ubuntu, Debian na Linux Mint, ambazo hazizielemei sana mashine za zamani tulizo nazo wengi wetu. Sitaeleza namna ya kubonyeza vitufe vya kuchapia ndani ya programu za ofisi, kwa kuwa hayo kila mtu anayajua. Nia yangu ni kuonyesha kwamba mtu anayechapa kwa kuandika amri hulazimika kusema mapema anataka nini, yaani printa ipi, nakala ngapi, kurasa zipi na karatasi ya ukubwa gani, na kwa sababu hiyo huharibu karatasi chache kuliko yule anayebonyeza haraka kisha akasimama kwenye trei kusubiri kitakachotoka.

Uchapaji katika Linux husimamiwa na programu iitwayo CUPS. Ilianzishwa na Michael Sweet mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia kampuni ya Easy Software Products, Apple wakaichukua kwa ajili ya kompyuta za Mac mwaka 2002, na siku hizi inaendelezwa chini ya mradi wa OpenPrinting. Ndiyo maana sehemu kubwa ya amri zilizomo humu hufanya kazi pia kwenye Mac. CUPS inaelewa koo mbili za amri: `lp`, iliyotoka katika toleo la System V la mfumo wa zamani wa Unix, na `lpr`, iliyotoka katika toleo la Berkeley. Zote mbili hupeleka kazi kwenye foleni ileile. Nitatumia `lp` peke yake, kwa sababu kuchanganya koo mbili ndiko kunakowafanya wanaojifunza wasahau herufi ipi inataja printa na ipi inataja nakala.

Hatua ya kwanza: kuandaa kompyuta

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri (katika Ubuntu na Linux Mint hufunguka kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja), kisha uulize kama CUPS iko kazini:

`lpstat -r`

Ukijibiwa `scheduler is running`, endelea na hatua inayofuata. Ukiambiwa kwamba amri haipo, isakinishe:

`sudo apt install cups cups-client poppler-utils`

Neno `sudo` huiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Kifurushi cha mwisho katika orodha hiyo hakihusiani na printa moja kwa moja, lakini ndicho chenye zana za kuchunguza mafaili ya PDF, nazo tutazihitaji sana. Baada ya hapo, jipe ruhusa ya kusimamia printa kwa kujiingiza katika kundi la `lpadmin`, kisha utoke kwenye akaunti yako na kuingia upya ili ruhusa hiyo ianze kutumika:

`sudo usermod -aG lpadmin $USER`

Hatua ya pili: kuitambulisha printa

Washa printa, chomeka waya wake, kisha uliza kompyuta inaona nini:

`sudo lpinfo -v`

Utaona mistari kadhaa. Ule unaoanza na `direct usb://` ni wa printa iliyounganishwa kwa waya wa USB, na ile inayotaja `ipp://` au `dnssd://` ni ya printa zilizo kwenye mtandao wa ndani. Mara nyingi Ubuntu huwa imekwisha kuiongeza printa yenyewe bila kukuuliza, na unaweza kulithibitisha hilo kwa `lpstat -p`. Printa za HP za zamani, ambazo ndizo zimejaa madukani, kwa kawaida huhitaji kifurushi cha `hplip`. Ukikwisha kukisakinisha, andika `hp-setup -i` na ufuate maswali moja baada ya jingine. Printa mpya iliyo kwenye mtandao huongezwa kwa mstari mmoja, ambamo namba ya anwani ni lazima iwe ile ya printa yako:

`sudo lpadmin -p duka -E -v ipp://192.168.1.20/ipp/print -m everywhere`

Mstari huu una mtego mmoja unaostahili kuangaliwa kwa makini. Herufi `-E` ikikaa baada ya jina la printa, maana yake ni kwamba printa iwashwe na ianze kupokea kazi. Ikikaa kabla ya `-p`, maana yake hubadilika kabisa na kuwa agizo la kutumia mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo, na printa hubaki imefungwa. Mtu aliyeiweka mahali pasipofaa huiona printa yake kwenye orodha, hutuma kazi, na hakuna kinachotoka. Halafu huanza kulaumu waya.

Jina la printa lisiwe na nafasi ndani yake, wala alama za `/` na `#`. Chagua jina fupi linaloeleza kazi, kama vile `duka`, `rangi` au `taaluma`, badala ya namba ya modeli ambayo hakuna atakayeikumbuka wakati wateja wamejipanga mlangoni. Kisha ifanye kuwa printa ya msingi, ili usilazimike kuitaja kila mara:

`lpoptions -d duka`

Ukishafanya hivyo, tazama printa yako ina uwezo gani:

`lpoptions -p duka -l`

Majibu yake ni orodha ya sifa pamoja na thamani zake, na kila mahali penye nyota ndipo ilipowekwa kwa sasa. Mstari wa kwanza kuutafuta ni ule unaotaja `PageSize`. Kama nyota iko kwenye `Letter`, rekebisha papo hapo:

`lpoptions -p duka -o media=A4`

Karatasi ya Letter, inayotumika Marekani, ina milimita 216 kwa 279, wakati A4 tunayoinunua sisi ina milimita 210 kwa 297. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inatosha kuifanya printa isimame huku taa yake ikimeta, ikidai karatasi ambayo huenda huipati dukani kutoka Tunduma hadi Makambako.

Hatua ya tatu: kulichunguza faili kabla ya kulituma

Ningependa msomaji akae hapa kuliko popote pengine. Mteja ameleta flashi, na flashi yenyewe imekwisha kupita kwenye kompyuta nyingi. Katika Linux itaonekana ndani ya `/media`, chini ya jina lako la mtumiaji. Ingia humo kwa `cd`, kisha andika `ls` uone orodha ya mafaili. Ikitokea kwamba mteja analalamika kuwa mafaili yake yamegeuka njia za mkato na hayafunguki, usimrudishe nyumbani, kwa maana virusi vya aina hiyo mara nyingi huwa vimeyaficha tu kwa alama ambayo Windows huiheshimu na `ls` haiijali. Mafaili halisi utayaona yakiwa salama, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina la maana. Nakili lile linalohitajika kwenye kompyuta, na ufanye kazi na nakala.

Jambo la pili ni aina ya faili. CUPS hupokea bila shida PDF, picha za JPEG na PNG, na maandishi matupu, lakini hati ya Word haijui. Igeuze kwanza kuwa PDF kwa programu ya ofisi ya LibreOffice:

`libreoffice --headless --convert-to pdf "Barua ya Maombi ya Kazi.docx"`

Alama za kufungua na kufunga hapo zina umuhimu wake. Watu huandika majina ya mafaili kwa nafasi katikati, na bila alama hizo kompyuta itadhani umeyataja mafaili matano tofauti. Funga pia dirisha lolote la LibreOffice lililo wazi kabla ya kuandika amri hiyo, kwa sababu isipofanyika hivyo inaweza kukaa kimya na isitoe faili lolote. Baada ya kuigeuza, fungua PDF na uitazame kwa macho. Hati iliyoandikwa kwa Times New Roman kwa kawaida haisogei, kwa kuwa Linux huweka mahali pake mwandiko wa Liberation Serif wenye upana uleule wa herufi; iliyoandikwa kwa Calibri huweza kusogea, hata ukurasa mmoja ukazaa mistari miwili kwenye ukurasa wa pili. Dawa yake ni kusakinisha `fonts-crosextra-carlito`, na kwa mwandiko wa Cambria `fonts-crosextra-caladea`, kisha kuigeuza hati upya. Vifurushi hivi viwili vingepaswa kuwa katika kompyuta ya kila steshenari iliyo karibu na chuo, ambako ripoti ya utafiti ikiongezeka ukurasa mmoja, yaliyomo yote yanakuwa yamepotoka.

Sasa chunguza PDF yenyewe:

`pdfinfo ripoti.pdf`

Miongoni mwa mistari itakayotokea, miwili ndiyo ya kwako:

`Pages: 64`
`Page size: 612 x 792 pts (letter)`

Mstari wa kwanza hukupa bei kabla mteja hajaiuliza: kurasa 64 ni karatasi 64 kwa upande mmoja, na karatasi 32 kwa pande mbili. Mstari wa pili unakuonya kwamba hati hii ilitengenezwa kwa ukubwa wa Letter. Kama ingekuwa A4 ungeona namba zinazokaribia 595 kwa 842. Vipimo hivyo ni vya pointi, ambazo 72 hufanya inchi moja, na hakuna haja ya kuvikariri mradi unaitambua 612 pale unapoiona. Hati ya namna hiyo itume pamoja na `-o media=A4 -o fit-to-page`, nayo itatoshea kwenye karatasi yetu bila kukatwa pembeni.

Hatua ya nne: kutuma

Amri ya kutuma, ikiwa imetimia, husomeka hivi:

`lp -d duka -n 3 -o media=A4 ripoti.pdf`

Hapo umetaja printa, nakala tatu, ukubwa wa karatasi na faili. Kompyuta hujibu kwa mstari mmoja unaofanana na `request id is duka-41 (1 file(s))`. Namba hiyo iandike kwenye kipande cha karatasi kando ya jina la mteja, au walau usiifute kwenye skrini, kwa kuwa kila utakalotaka kufanya baadaye juu ya kazi hiyo utalifanya kwa kuitaja.

Kurasa chache huchaguliwa kwa herufi kubwa `-P`:

`lp -d duka -P 1-4,7,9-12 ripoti.pdf`

Hapa ndipo mteja na mchapaji hupishana mara nyingi. Mwanafunzi anasema, "Dada, nitolee kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa kumi tu," naye anamaanisha ukurasa wenye namba 1 chini yake, ambao ndio mwanzo wa sura ya kwanza. Kompyuta haisomi namba zilizoandikwa chini ya ukurasa. Inahesabu tangu jalada. Kama kabla ya sura ya kwanza kuna jalada, tamko, shukrani, ikisiri na orodha ya yaliyomo, vyote vikiwa na namba za Kirumi, basi ukurasa wa 1 wa mteja unaweza kuwa wa 9 kwa kompyuta, na amri sahihi ikawa `-P 9-18`. Fungua PDF, utafute ukurasa ule anaoutaka, usome namba inayoonyeshwa na programu wala si ile iliyochapwa, ndipo uandike amri.

Mitihani ina utaratibu wake. Mtihani wa kurasa nne kwa wanafunzi 45 hutumwa hivi:

`lp -d taaluma -n 45 -o collate=true -o sides=two-sided-long-edge -o media=A4 historia.pdf`

Neno `collate` huagiza kila nakala itoke ikiwa kamili kabla ya inayofuata kuanza, kwa hiyo kinachobaki ni kubana pini. Karatasi zitakazotumika ni 90, ambazo unaweza kuzihesabu kwenye trei kabla ya kuanza. Hata hivyo, nisingemshauri mtu atume nakala 45 kwa mkupuo mmoja mahali ambapo umeme si wa kuaminika. Sababu nitaieleza mbele kidogo. Tuma kumi kumi.

Mafaili mengi yaliyo katika folda moja hutumwa kwa mzunguko mfupi:

`for f in *.pdf; do lp -d duka -o media=A4 "$f"; done`

Mpangilio wake hufuata herufi, kwa hiyo faili liitwalo `10.pdf` litatangulia `2.pdf`. Yape majina yenye tarakimu mbili, `01`, `02` na kuendelea, kama mpangilio una maana kwa mteja.

Maandishi matupu, kwa mfano orodha ya majina ya darasa au matokeo yaliyotolewa na programu, hayahitaji kugeuzwa kuwa PDF. Yakiwa mapana kuliko ukurasa, banisha herufi au lalisha karatasi:

`lp -d taaluma -o cpi=12 -o lpi=7 orodha.txt`
`lp -d taaluma -o landscape orodha.txt`

Kwa kawaida herufi huwa kumi kwa inchi na mistari sita kwa inchi, hivyo mfano wa kwanza huongeza kidogo kila upande. Kwa vitini vya kujisomea, `-o number-up=2` huweka kurasa mbili kwenye uso mmoja wa karatasi. Ukizidisha hadi nne, macho ya msomaji ndiyo yatakayolipa.

Hatua ya tano: pande mbili kwa printa isiyogeuza yenyewe

Printa nyingi za bei nafuu hazina uwezo wa kugeuza karatasi, na neno `sides` halitazisaidia. Kwa hizo, kazi hugawanywa mara mbili. Kwanza toa kurasa zenye namba witiri:

`lp -d duka -o page-set=odd ripoti.pdf`

Zikishatoka zote, zirudishe kwenye trei na kutoa zile za shufwa:

`lp -d duka -o page-set=even ripoti.pdf`

Namna ya kuzirudisha hutofautiana kati ya printa na printa, na hakuna kanuni moja inayofaa zote. Jaribu mara moja kwa hati ya kurasa nne. Weka alama ya penseli kwenye kona ya juu ya karatasi iliyo kwenye trei, chapa, kisha utazame alama imetokea upande gani na kona gani. Ukishajua, bandika maelezo hayo kwenye mwili wa printa ili hata msaidizi wako wa Jumamosi ayaone. Kuna printa zinazotaka uongeze `-o outputorder=reverse` katika mkupuo wa pili, vinginevyo ukurasa wa 2 utaangukia nyuma ya ukurasa wa mwisho. Na iwapo idadi ya kurasa ni witiri, tuseme 65, karatasi ya mwisho haina mwenzake wa nyuma: iondoe kwenye fungu kabla ya kulirudisha, la sivyo kila kitu kitasogea kwa karatasi moja.

Hatua ya sita: kuisimamia foleni

Orodha ya kazi zinazosubiri huonekana kwa `lpstat -o`, na zilizokwisha kwa `lpstat -W completed -o`. Kazi moja huondolewa kwa `cancel duka-41`, na zote za printa moja kwa `cancel -a duka`. Kazi iliyokosea printa huhamishwa bila kutumwa upya:

`lpmove duka-41 rangi`

Mteja mwenye haraka, anayewahi basi la Njombe, hupewa nafasi ya mbele kwa kuongeza `-q 80` wakati wa kutuma, kwa kuwa vipaumbele huanzia 1 hadi 100 na kazi ya kawaida hukaa kwenye 50. Sipendi kulitumia sana, maana waliotangulia nao wanaona.

Kazi ya siri, kama mtihani, inaweza kuwekwa kwenye foleni bila kuchapwa mpaka uwe umesimama karibu na printa na mlango umefungwa:

`lp -d taaluma -H hold historia.pdf`
`lp -i taaluma-52 -H resume`

Inawezekana pia kuiwekea saa. Hapo inabidi kuwa mwangalifu kupita kawaida, kwa kuwa zipo hesabu mbili za kufanya na wala si moja. Ukitaka kazi ianze saa mbili usiku, kompyuta inaiita saa hiyo 20:00. Lakini `lp` haifuati saa ya Tanzania, inafuata saa ya dunia ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo unaandika:

`lp -d taaluma -H 17:00 historia.pdf`

Ukiandika 20:00, mtihani utaanza kutoka saa tano usiku. Ukiandika 02:00 kwa kufuata mazoea yetu ya kuhesabu, utatoka saa kumi na moja alfajiri, na atakayeukuta kwenye trei ni mlinzi au mfagizi.

Hatua ya saba: pale ambapo hakuna kinachotoka

Anza na `lpstat -p duka`. Neno `disabled` katika jibu lake linaonyesha kwamba printa imesimamishwa, mara nyingi na CUPS yenyewe baada ya kushindwa kuwasiliana nayo, na kazi zinaendelea kurundikana nyuma yake. Tazama waya na karatasi, kisha iamshe:

`sudo cupsenable duka`

Ili isiwe inasimama kila waya unapoguswa, iagize ijaribu tena badala ya kukata tamaa:

`sudo lpadmin -p duka -o printer-error-policy=retry-job`

Umeme ukikatika katikati ya kazi, foleni haipotei, kwa sababu CUPS huiandika kwenye diski ndani ya `/var/spool/cups`. Kompyuta ikiwaka, kazi iliyokuwa njiani huanza upya tangu nakala ya kwanza, hata kama nakala thelathini zilikuwa zimekwisha kutoka. Hiyo ndiyo sababu ya kutuma kumi kumi. Umeme unaporudi, washa kompyuta kabla ya printa, ufute kazi iliyokatika kwa `cancel`, uhesabu nakala ulizo nazo mkononi, kisha utume zilizobaki tu.

Karatasi kukwama ni jambo la printa na hali ya hewa kuliko la amri, lakini kwa mikoa yetu haliwezi kuachwa. Karatasi hunyonya unyevu. Tukuyu, ambako mvua ni nyingi, au Makete na Njombe katika baridi ya Juni na Julai, rimu iliyoachwa wazi usiku kucha asubuhi huwa imelegea na kujikunja kingo, na printa huvuta mbili mbili. Acha rimu ndani ya kifungashio chake, weka kwenye trei kiasi cha kazi ya siku hiyo tu, na uzipepete karatasi kabla ya kuzipanga.

Iwapo yote hayo hayakusaidia, soma kumbukumbu za CUPS:

`sudo tail -n 30 /var/log/cups/error_log`

Mistari inayoanza na herufi `E` ndiyo ya makosa. Maneno kama `filter failed` humaanisha kwamba draiva, yaani programu ya kuiongoza printa, haipo au haifai kwa printa hiyo, na dawa yake ni kurudi kwenye hatua ya pili. Usihangaike kuituma kazi ileile tena na tena.

Hatua ya mwisho: kusafisha kabla ya kufunga duka

Wateja huacha mengi kwenye kompyuta ya mchapaji: vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya taifa, matokeo ya hospitali, barua za mashauri. Kulifuta faili kwenye folda hakutoshi, kwa kuwa CUPS nayo hubaki na nakala ya kila hati iliyochapwa kwa sekunde 86400, yaani siku nzima, ili iweze kuirudia ikihitajika. Duka linalotaka kuweza kurudia kazi ya asubuhi mteja anapolalamika mchana linaweza kuuacha utaratibu huo, kisha jioni likafuta kila kitu, pamoja na mafaili yenyewe:

`sudo cancel -a -x`

Ofisi ya taaluma inayotunza mitihani haina sababu ya kubaki na nakala hata kwa saa moja, nayo ifunge kabisa:

`sudo cupsctl PreserveJobFiles=No`

Baada ya agizo hilo, kazi iliyokwisha kuchapwa haiwezi tena kurudiwa kwa namba yake. Anayetaka nakala nyingine atalazimika kuleta faili upya. Mwisho ondoa nakala ulizozitoa kwenye flashi na PDF zote ulizozigeuza kwa LibreOffice, kisha uondoe flashi za watu kwa `umount` kabla ya kuzichomoa.